Kiti cha Mbele ni cha Mama

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akanisoma akidhani kuna ushujaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa ng'ombe dume, naogopa simu inayoita alfajiri. Miaka yote niliyofundisha sekondari hapa Shinyanga mjini wanafunzi wamenijua kwa ukali, na ukali wenyewe, nikisema kweli, nusu yake ni woga tu. Lakini katika woga wangu wote sikuwahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa kiti cha gari.

Gari tulilinunua watu watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye ndiye dereva wa familia, na mama yetu, aliyetoa ng'ombe zake za Kishapu baada ya baba kufariki akaja kukaa nami na wanangu. Lilikuwa limetumika Japani, likaja kwa meli, na mdogo wangu akalifuata Dar es Salaam. Alipoingia nalo uani mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia jikoni.

Sasa, kwetu huku gari lililotoka Japani moja kwa moja haliwekwi kundi moja na gari ambalo limeshapondwa na matuta ya Tanzania. La kwanza lina heshima. Na heshima hiyo lazima ionekane, kwa hiyo watu hawabandui kitu. Nailoni ya viti inaachwa mpaka ichanike yenyewe. Stika za Kijapani zinaachwa kwenye vioo. La kwetu lilikuwa na stika kubwa ya njano, imebandikwa kwenye kile kibao cha kukinga jua, upande wa abiria, ina maandishi mekundu na meusi. Mdogo wangu alimkataza kila mtu kuigusa kwa kucha. Alisema hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari.

Mama aliipenda stika ile kuliko redio. Akipata jirani wa kumpa lifti anashusha kibao na kumwambia, "Soma mwenyewe, hili halijatembea Bongo." Jirani anaitazama, anatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba amesoma. Siku moja nilimpiga picha mama akiwa amekaa kiti cha mbele, kidole kwenye stika, meno yote nje. Picha hiyo ilizunguka kwa mashangazi wote.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu isiyozimika, ina picha ya kimtu kimekaa na mpira mbele ya kifua. Tulimwita fundi wa umeme wa magari anayekaa mtaa wa nyuma. Akalala chini ya dashibodi na tochi mdomoni, akachokonoa kidogo, akatoka anacheka. Kuna waya umechomolewa, alisema, Wajapani wamesahau kuuchomeka! Akauchomeka. Taa ikazima. Tulimpongeza sana, na mimi nikamletea chai na chapati mbili.

Kuhusu kiti cha mbele hakukuwa na mjadala. Sijui kwa wengine, lakini kwetu mtu mzima hakai nyuma. Nyuma ni kwa watoto, magunia na kuku. Mama akishatoka chumbani na mkoba wake, dereva anazunguka kumfungulia mlango wa mbele kushoto. Kwa miezi kadhaa mama alikwenda kanisani, sokoni na misibani akiwa pale, chini ya stika yake.

Basi Ijumaa moja nilikuwa ofisi ya walimu, kipindi kimeisha. Mwenzangu anayefundisha jiografia alikuwa anatuonyesha simu yake mpya, namna ukielekeza kamera kwenye maandishi ya kigeni inavyoyasoma kwa Kiswahili. Tumejaribu boksi la chaki, tumejaribu kopo la maziwa, tunacheka. Nikasema, ngoja niwaletee Kijapani. Nikafungua ile picha ya mama.

Maneno yalikuja vipande vipande, Kiswahili cha kubabaisha. Kwanza: mfuko wa hewa wa kiti hiki umezimwa kwa muda. Tukacheka, eti umezimwa. Kisha: kifaa kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Hapo mwenzangu aliacha kucheka. Mstari wa mwisho ndio uliokuwa na herufi kubwa nyekundu, ule ambao mama alikuwa ameuwekea kidole. Usikalie kiti hiki mpaka kifaa kibadilishwe.

Nilimwomba aelekeze kamera tena, maneno yakaja yale yale.

Mwenzangu ni mtu wa kutafuta mambo, akatafuta. Nilichoelewa siku ile nakieleza hapa kwa lugha yangu, maana baadaye nimewaeleza watu wengi. Ndani ya dashibodi, mbele ya abiria, kuna mfuko uliokunjwa. Gari likigonga, kikopo cha chuma chenye unga maalumu kinawaka na kuujaza mfuko hewa kwa kufumba na kufumbua, ili uso usipige dashibodi. Ni kitu cha kuokoa mtu. Lakini vikopo vingine vilitengenezwa vibaya. Unga wake ukikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu unaharibika, na siku ukiwaka unawaka kupita kiasi, kikopo chenyewe kinapasuka, na vyuma vinamfuata yule yule aliyepaswa kuokolewa. Vinamfuata usoni na shingoni. Wala haihitaji ajali ya kuua. Kugonga kwa kawaida tu kunatosha.

Kampuni ikigundua kosa kama hilo, huyaita magari yarudi. Mimi nilikuwa najua watu huitwa, kwa jina, kwenye foleni ya hospitali. Sikujua magari nayo huitwa. Yanaitwa kwa namba ya chasisi. Haijalishi nani analimiliki wala limeuzwa mara ngapi, namba ndiyo inayoitwa, na matengenezo ni bure kwa sababu kosa ni la kiwanda. Tatizo ni kwamba barua hupelekwa kwa yule mwenye gari anayejulikana. Gari likishapanda meli likashuka kwetu, nani atajua liko Shinyanga, kwa mwalimu na mama yake? Linaitwa, linaitwa, hakuna wa kuitikia.

Nakala ya kadi ya gari ilikuwa kwenye mkoba wangu kwa ajili ya bima. Mwenzangu akaingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya kampuni. Jibu likaja: imo, na haijafanyiwa kazi.

"Lakini imeandikwa umezimwa," alinifariji. "Kama umezimwa hauwezi kulipuka. Wajapani waliuchomoa waya wakisubiri kipuri."

Jamani. Waya! Nikamkumbuka fundi na tochi yake mdomoni. Nikazikumbuka chapati zangu mbili. Wajapani walikuwa wamemfunga yule mnyama, sisi tukamwita mtu amfungue, na tukamshukuru.

Na mama saa hiyo alikuwa wapi? Barabarani. Alikuwa amekwenda Buseresere kumwona dada yake anayeumwa, na siku hiyo mdogo wangu alikuwa anamrudisha. Nilimpigia mdogo wangu. Inaita, haipokewi. Nikampigia mama, haipatikani, maana mama simu yake huizima ili chaji isiishe, kisha huilalamikia kwamba haipigwi. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka kidole kikafa ganzi.

Nilitoka ofisini nikakaa kwenye ngazi za maabara na kuanza kuwahesabia njia. Sasa wako Ushirombo. Sasa Masumbwe. Pale Kahama kuna malori. Kila tuta nililolikumbuka nililiogopa upya, kila baiskeli yenye mkaa, kila mbuzi. Kengele ikalia ya kipindi changu, nikaingia darasani, nikaandika tarehe ubaoni, nikasahau nilichokuja kufundisha. Watoto wakakaa kimya kabisa. Walidhani nimekasirika.

Jioni jua likiwa bado lipo nilisikia honi. Nilikimbia peku. Mama alikuwa pale pale, mbele kushoto, jogoo mapajani, stika juu ya paji la uso wake. Nilifungua mlango nikamshika mkono nikamvuta.

"We! Shikamoo iko wapi?" aliniuliza.

"Shikamoo mama, shuka. Shuka kwanza!"

Usiku ule tulikosana vibaya. Nilieleza yote, nikaonyesha simu. Mdogo wangu alisema, "Dada, haya mambo ya mtandaoni mtu yeyote anaandika." Alisema hivyo kwa sababu gari ni fahari yake, na simu hakuipokea kwa sababu ilikuwa kwenye begi. Mama alisikiliza huku anamfunga jogoo mguu. Kisha akasema kwa utulivu, ule utulivu wake unaonitia hasira, "Nimekikalia miezi mingapi? Kimeniuma?"

"Mama, hakiumi. Kinasubiri!"

"Sema tu mnataka nikae nyuma. Nimetoa ng'ombe zangu, sasa nikae nyuma na magunia. Sawa, mwalimu."

Nilimpandishia mama yangu sauti. Sikuwahi, na nilipojisikia nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilikuwa namwona shingoni. Kila nilipomtazama nilikuwa naitazama ile ngozi laini iliyolegea chini ya kidevu.

Asubuhi nilimpigia wakala wa magari hayo jijini Mwanza, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Alikuwa dada mmoja mpole. Akachukua namba ya chasisi, akasema ndiyo, gari linaitwa, kipuri kipo, tulilete Jumatatu. Msiguse waya wowote wenyewe. Mtu asikae mbele kushoto, na kama hakuna namna, kiti kisukumwe nyuma kabisa, mbali na dashibodi.

"Na gharama?" mdogo wangu akauliza kwa ujanja, akingoja utapeli ujitokeze.

"Bure, kaka. Kosa si lako."

Hilo la bure ndilo lililomgeuza. Alisema tapeli hawezi kukuita umbali wote ule ukamlie kipuri chake. Akaenda kumwita fundi wa mtaa wa nyuma angalau auchomoe ule waya alioujua. Fundi alipoelezwa kuna nini mle, alirudi nyuma hatua tatu. "Mimi nilishika hicho kitu na tochi mdomoni?" aliuliza, akaketi chini kwenye udongo. Hakuugusa, na siwezi kumlaumu.

Mama yeye hakugeuka. Jumamosi nilipakia gunia la mchele kwenye kile kiti ili kiwe kimejaa. Jumapili nikiwa bafuni nilisikia gari linawashwa. Nilitoka na kanga moja, gunia liko barazani, mama amekwenda misa ya kwanza kwenye kiti chake. Mdogo wangu alijitetea kwamba alimkataza, akaambiwa, "Endesha." Na wewe ungefanyaje? Mama akisema endesha, unaendesha. Nilipiga magoti jikoni nikasali kwa sauti kama mlokole, mimi Mkatoliki wa kimya kimya, mpaka waliporudi.

Jumatatu sasa. Mama alikuwa na miadi ya macho hospitali, huko huko Mwanza. Nilimwomba apande basi. Nilimwomba kwa upole, nikamwambia nitampeleka mwenyewe stendi. "Nipande basi na gari la mwanangu linakwenda huko huko? Watu watasema tumegombana." Akaingia chumbani kuvaa.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Sikufikiri. Nilisikia mlango wa chumba chake ukifunguka, nikatangulia, nikaingia mbele kushoto, nikabana loki. Nilikisukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Mama akaja, akasimama dirishani na mkoba wake.

"Shuka."

"Sishuki, mama."

"Kwani mimi nakwambia nini?"

"Sishuki. Mama, nisamehe. Sishuki."

Nilidhani atanilaani, na laana ya mama si mchezo. Kisha nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, akaingia, akakaa nyuma yangu, nikasikia mkanda ukifungwa. Magoti yake yalikuwa yananigusa mgongoni kupitia kiti. Mdogo wangu akawasha gari.

Niwaambie kitu kuhusu kukaa mbele ya jambo lile. Dashibodi ilikuwa safi, inang'aa, mdogo wangu huipaka mafuta. Hakuna kilichoonekana. Kulikuwa na mstari mwembamba tu mahali ambapo kifuniko kingefunguka, na mimi niliutazama mstari ule tangu tunatoka nyumbani. Tukipita tuta mwili wote unakaza. Pikipiki ikichomoza naacha kupumua. Jasho lilikuwa linanitoka nyuma ya magoti. Nilijiuliza mama alikaaje hapa anacheka, anakula karanga. Usilolijua ni usiku wa giza, kweli, lakini siku ile nilimwonea wivu mwenye giza lake.

Mpaka Maganzo mama alikuwa ananung'unika kwa Kisukuma, mambo ya watoto wa siku hizi. Baada ya Maganzo alinyamaza. Nikajua amenuna. Hungumalwa tulipita kimya, mimi na mstari wangu.

Tulipofika Mabuki kundi la ng'ombe lilikuwa limesimama pembeni ya lami, limetulia. Mdogo wangu akapunguza mwendo. Tukawa tumekaribia kupita, mara ndama mmoja akaruka barabarani, mweupe, mbele kabisa yetu. Mdogo wangu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yakalia. Nilitupwa mbele, mkanda ukanikaba, nikafumba macho, nikasema Yesu, na sijui kama nilisema kwa sauti.

Nilisikia kishindo kidogo cha bampa. Baada yake kimya.

Na nilikuwa nimeshikwa koo. Nilifumbua macho nikaona kanga ya mama pande zote mbili za kichwa changu. Mikono yake ilikuwa imepita kushoto na kulia kwa kiti, na viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefunika shingo yangu, kimoja juu ya kingine, vimebana. Ndama alijitikisa, akamfuata mama yake upande wa pili. Hakukuwa na kilichopasuka. Mdogo wangu aliweka paji la uso kwenye usukani.

"Mama," nilisema, sauti haitoki vizuri kwa jinsi alivyonibana. "Mama, umefungua mkanda!"

"Nikifunga mkanda mikono haifiki."

"Umefungua saa ngapi?"

"Maganzo," akasema.

Kutoka Maganzo! Njia yote ile nilidhani amenuna, kumbe alikuwa ameinama nyuma yangu, bila mkanda, mikono tayari.

"Mama, viganja havizuii chuma."

"Najua, mayu, mwanangu. Naogopa," akasema. Hakuitoa mikono.

Sijawahi kumsikia akisema neno lile. Baba alipofariki hakulisema. Nilishuka pale pale, nikaingia nyuma nikakaa naye. Nikamfunga mkanda wake, nikafunga wangu. Kiti cha mbele kikabaki kitupu, kama yule dada wa wakala alivyosema tangu mwanzo, na hakuna heshima ya mtu iliyovunjika. Tungeweza kukaa hivyo tangu nyumbani. Tulilia kidogo, kisha mama akamwambia mdogo wangu aache kutetemeka aendeshe.

Karakana walilipokea gari wakalifanyia kazi huku tumempeleka mama kwenye macho. Tuliporudi kipuri kipya kilikuwa kimefungwa na tukapewa karatasi yenye namba yetu ya chasisi kuonyesha limeitikia. Fundi alikuwa kijana mstaarabu. Alitufungulia mlango wa mbele akasema, "Karibu, mama. Sasa mtu yeyote anaweza kukaa hapa, hakuna shaka."

Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye ule mlango. Sikuwa nataka ubishi mwingine, nilitaka tu kwenda nyumbani, na bado sikuwa nimeamini, nikaona nianze mimi. Mama akanisogeza kwa kiwiko.

"Rudi nyuma," akasema.

"Mama, fundi amesema kimetengenezwa. Hakuna wa kukunyang'anya kiti chako."

"Si habari ya kiti. Mimi nimekula chumvi nyingi. Kama wamekosea kukifunga, kinikute mimi. Wewe una watoto."

Fundi akaanza kumweleza tena kwamba kila kitu kimebadilishwa. "Nimekusikia, baba," mama alimjibu kwa adabu, akaingia, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani na kutazama mbele. Mimi nilikaa nyuma yake mpaka Shinyanga, nikiitazama shingo yake.